Carte mère yenye ilikuwa inasahau

Tulimuzika Muzee Faustin siku ya mvua, na kisha tukarudi kwake Nyamyumba kunawa mikono, vile inafanyikaka. Kulikuwa bâche moja ya bleu juu ya vichwa, ya kuzuia mvua, viti ya plastiki ya kukodisha, na Fanta zenye hazikuwa baridi. Nilikaa karibu na nguzo, juu nilitaka kukuwa wa kwanza kutoka wakati mvua itapunguka. Nyuma yangu baba wawili, sikubajua, walikuwa banamusifu marehemu vile batu banasifuaka mutu wakati hawezi tena kusikia. Mumoja akasema hakukuwa radio yenye ilimushinda. Mwingine akakubali, akakunywa kidogo, kisha akasema: "Fundi wa kweli. Ni ile tabia tu ya kula vipande." Kula vipande, kwetu, ni kusema unapelekea fundi radio yako nzima, yeye anatosha kipande muzuri, anakuwekea kibovu, anakurudishia na kicheko. Ni kitu mubaya sana kusema juu ya fundi. Nilitaka kugeuka. Sikugeuka. Ile maneno naijua siku yake ya kuzaliwa, naijua hata chakula chenye tulikuwa tunakula ile siku, juu ni mi njo niliizala.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masomo yangu ilisimama primaire ya sita, na sitasema zaidi juu ya nyumbani kwetu, kila mutu iko na kwao. Nilikuwa natumika kwa Mama Divine, mu atelier yake ya broderie kule Mbugangari: chumba moja ndefu, dirisha mbili, rideau ya kitenge yenye ilificha choo, na harufu ya pasi ya moto tangu asubui. Kulikuwa vyerehani sita, na mbele ya yote, kama askofu kati ya makatekista, kulikuwa ile machine ya broderie yenye ilitoka Ulaya mitumba. Ilikuwa inashona alama za sweta ya masomo, majina ya hoteli ku taulo, na misalaba ku kanzu za korali. Lakini yenyewe haikuwa na akili. Akili ilikuwa mu ordinateur, kompyuta ya zamani yenye ilikuwa chini ya meza, rangi ya meno ya muvuta sigara, nzito kama mufuko ya cement. Bila ile ordinateur, askofu alikuwa ni chuma tu.

Wacha nieleze carte mère yake, lile bamba lenye vipande vyote vya kompyuta vinachomekwa, juu nilikaa nayo kuliko vile nilikaa na mutu yeyote ule mwaka. Ilikuwa 486, DX2, megahertz makumi sita na sita. Leo simu yangu yenye kioo imepasuka inaishinda mara elfu, na sijaona simu yangu ikishona musalaba. Ilikuwa na barrette mbili za mémoire, mega ine kila moja. Fasi ya kuchomeka kadi ilikuwa saba: tatu fupi nyeupe, na ine ndefu nyeusi, na njo mu moja ya ile nyeusi kadi ya askofu ilikuwa inaingia, kadi ndefu kama rula ya shule. Clavier, ile ya kuandikia, ilikuwa inaingia mu kitundu kinene cha mviringo. Umeme ulikuwa unaingia na fiche mbili zenye zinafanana kama mapacha, na shetani aliyezitengeneza aliacha unaweza kuzigeuza, na ukizigeuza carte mère inakufa papo hapo. Dawa ni moja: nyaya nyeusi zikae karibu na nyeusi, katikati. Na ku pembeni, karibu na kitundu cha clavier, kulikuwa betri ndogo ya bleu, kama kidole cha mutoto, imechomelewa ku carte yenyewe. Ile betri kazi yake ilikuwa moja: kukumbuka. Na ilikuwa imekufa zamani.

Donc kila mara umeme unakatika, na ule mwaka ulikuwa unakatika kama mutu mwenye kwikwi, ordinateur ilikuwa inasahau kila kitu. Inasahau siku: inaamka ikiamini tuko 1980, mbele hata nizaliwe. Inasahau disque dur yake yenyewe, ghala ya kazi zote, yenye iko ndani ya tumbo yake. Inaandika Kiingereza ku écran, kile kioo chake, kisha inangojea. Fundi wa kwanza wa ile machine, mbele aende Kampala, alinionyesha mara moja fasi ya kuingia na namba za kuandika ili ikumbuke disque: 826, 16, 63. Ilikuwa mi peke yangu mu chumba, wengine walikuwa banakula. Alinipa karatasi. Niliishika kwa kichwa kama Baba Yetu, kisha karatasi nikaiweka mu jiko ya makala. Ndiyo, niliichoma. Niliangalia vile inajikunja, nikasikia nimekuwa mutu.

Mbele ya ile siku nilikuwa mukata-nyuzi. Kisha, nikakuwa mukubwa wa machine. Asubui batu bananingojea inje, Mama Divine na yeye, na funguo yake mu mukono, juu kufungua mulango bila mi, Solange, haikuwa na maana. Nilikuwa nachelewa expre, kwa kusudi. Nakuja polepole na beignet yangu, natafuna, nasalimia kila mutu, nauliza kama banalala vizuri. Naingia, nafunika clavier na kitambaa ili hakuna mutu aone vidole yangu, naandika, tii moja, askofu anaamka. Rafiki yangu Espérance, yenye alikuwa anashona kola na yenye alikuwa na mikono safi kuliko yangu, aliniomba ile namba mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia ni namba ya simu ya Mungu. Mara ya pili nikamwambia ni uzito wangu. Mara ya tatu hakucheka tena, akasema tu: "Sha Solange, siku unagonjwa, sisi tutafanya nini?" Nikamwambia mi sigonjwaka. Kile kiti, cha mbao, chenye muguu moja ilikuwa na kitambaa ili kisicheze, kilikuwa kiti changu. Nilikuwa nakipenda kuliko nilipenda kusema ukweli.

Muzee Faustin alikuja kutengeneza écran, yenye ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa ametoka Tanzania na Kiswahili chake cha kupigwa pasi. Akisema "tafadhali" sisi wote tunaficha kicheko mu vitambaa. Meza yake ya kazi ilikuwa karibu na soko, mwamvuli moja, radio nyingi zenye tumbo wazi. Mbele ashike kitu chochote cha umeme, alikuwa anashika kwanza chuma cha dirisha, ili umeme wa mwili wake utoke. Alitengeneza écran, kisha akafungua ordinateur bila kuombwa, vile fundi wa kweli anafanyaka, akainama, akaona ile betri ya bleu. Akaniita. Akanieleza polepole, kama mutu anaeleza mutoto wake: "Binti, hii ilikuwa ya kujichaji, na imekwisha. Ikibaki hapa itavuja maji yake, na yale maji yatakula njia za umeme. Niikate. Tazama hapa pembeni, kuna vipini vinne, waliviweka kwa ajili ya betri ya nje. Naweka betri za kawaida za tochi, nasogeza hiki kipande kidogo cha plastiki, na haitasahau tena." Halafu akasema kesho asubui atarudi na vifaa.

Haitasahau tena. Mi nilisikia tu ile. Kama haisahau, kila mutu anaweza kuiwasha. Kama kila mutu anaweza kuiwasha, mi ni mukata-nyuzi.

Mchana tulikula bugari na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, mu bassin moja, vile siku zote, mikono nane inapishana. Mama Divine akauliza ule muzee alikuwa anataka nini na betri. Nilikuwa na tonge mu kidole. Nikasema: "Anataka kutosha ile ya asili ya Ulaya, akaiuzishe Goma. Sisi atatuwekea ya saa ya mukono." Nilisema kwa sauti yake, na "tafadhali" yake ndani, na shingo yake ndefu. Chumba nzima ikacheka. Mama Divine akacheka mpaka akashika kifua, kisha akaacha kucheka, akalamba kidole, akasema bon, ule muzee asiingie tena mu nyumba yake. Na nilikuwa nimesema kama muchezo tu. Ningeweza kusema kama muchezo vilevile kwamba haikuwa kweli. Nilichukua sambaza ingine.

Asubui alikuja na kisanduku chake, Mama Divine akamuzuia ku mulango. Sikutoka kuangalia. Nilisikia tu akiuliza kama kuna kosa, na Mama akijibu hakuna kosa, kazi imekwisha. Ile wiki Mama Divine akasimulia dada yake wa duka ya pagne, ya vitenge. Dada akasimulia ku salon ya nywele. Ku barrière ndogo, ya mupaka, wamama wenye banavuka na nyanya kwenda Goma banaongea kuliko radio, na nafikiri ile hadithi ilivuka bila jeton, ile karatasi ya kuvukia. Vile ilinirudilia kisha wiki tatu, mu mudomo ya muchonga funguo wa karibu na atelier, betri ilikuwa imekuwa or, zahabu kabisa, na Muzee Faustin alikuwa amejenga nayo nyumba. Nilimwambia muchonga funguo aache bujinga. Alicheka, akasema si ni we ulisema.

Miezi ikapita na mi juu ya kiti changu. Kisha asubui moja, mu wakati wa kanzu za korali, niliandika namba zangu na askofu hakuamka. Kesho yake écran haikuwaka hata. Hakuna tii. Hakuna Kiingereza. Ventilateur tu, feni yake, ilikuwa inazunguka, kama mutu anakubali kila kitu na hasikii kitu. Nilizima, nikawasha. Nilitosha mémoire, nikaifuta, nikarudisha. Nilipiga ile carton ya chuma na mukono, nikaiomba musamaha, nikaitukana Kinyarwanda na Kifaransa. Korali ilikuwa na kanzu makumi tatu bila misalaba. Espérance alikuwa amesimama nyuma yangu anakunja kola yake, na ile ilinikasirisha zaidi, heri angenitukana. Nikamwambia Mama Divine mutu moja tu anaweza. Akasema mwizi hataingia, heri ashone misalaba na mukono mpaka Yesu arudi. "We si uko mukubwa wa machine? Bon. Tengeneza."

Nikapakia ordinateur ku moto, pikipiki ya kukodisha, kati yangu na chauffeur, nikaenda kumutafuta ku meza yake karibu na soko. Mwamvuli haukuwako. Mama wa avoka, mwenye anauzishaka parachichi hapo pembeni, akaniambia muzee alihamia kazi nyumbani Nyamyumba, batu walikuja moja moja kuchukua radio zao, wengine na tournevis, bisibisi, banafungua hapo mbele yake banahesabu vipande. Alisema hivyo kama mutu anasema bei. Chauffeur akauliza kama tunaendelea. Njia yote ya ziwa sikuona ziwa.

Chumba ya Muzee Faustin ilikuwa na kitanda, meza, na dirisha moja yenye chuma yake ilikuwa inangaa fasi yenye anashikaka. Alinipa chai ya maziwa mbele aulize shida. Kisha akashika dirisha, akafungua ordinateur, akanigeuzia ili nione. Betri ilikuwa imetoka maji. Kando yake yote ilikuwa imekuwa kijani na nyeupe, kama shaba ya kanisa mu mvua, na zile njia ndogo za umeme zilikuwa zimekuliwa moja kwa moja mpaka chini ya kitundu cha clavier. Hakusema nilikuambia. Alinipa brosse ya meno na siki, nikasugua kwa saa mbili, na vile nilikuwa nasugua vipande vya njia vilikuwa vinatoka na brosse. Akasema imekufa. Akasema tatizo si carte mère, carte mère zimejaa dunia nzima. Tatizo ni zile fasi ndefu nyeusi, hakuna mutu anazitengeneza tena, na kadi ya askofu haiingii mu kitu ingine.

Nilivuka Goma mara tatu. Mu Birere, soko ya kule, banauzisha carte mère kwa kilo, banazivunja kutafuta or, na mi natembea kati ya malundo na vidole viwili wazi naonyesha urefu: ndefu hivi, nyeusi, na kitundu kinene cha clavier, na fiche mapacha. Vijana walinipa carte nzuri, mupya, zenye mwangaza, na hakuna hata moja ilikuwa na fasi nyeusi. Mumoja akaniambia: "Madame, hiyo unatafuta, hata kaburi yake ilifunikwaka na lave ya volcan." Wote bakacheka. Ilikuwa muchezo muzuri, siku ingine ningemurudishia. Ile siku nilikaa chini ku lundo yake nikalia kama mujinga. Mara ya tatu nikaipata, chini ya kiti cha mushona viatu, alikuwa anaweka juu yake misumari. 486, fasi ndefu tatu. Betri yake ilikuwa imeshakatwa na mutu fulani mwenye akili.

Muzee Faustin hakuitengeneza. Alikaa ku kitanda, akaniacha mi nifanye, na kila mara nanyoosha mukono anasema dirisha, nami narudi kushika dirisha. Nilipanga vile vipande vidogo vya plastiki vyenye vinaiambia carte mwendo wa processeur, ule ubongo wake. Niliweka nyeusi karibu na nyeusi. Niliweka pile tatu za torche ku vipini vine. Nikawasha: tii. Nikaandika namba zangu, mbele yake, bila kufunika. Akauliza, na hakuniangalia: "Kwa hiyo ulikuwa unazijua kichwani. Wewe peke yako?" Nikasema ndiyo. Nikaona vile anapanga mambo mu kichwa, moja karibu na ingine, mpaka zinafika kwangu. Akasimama, akaosha vikombe. Akasema: "Zima. Chomoa. Subiri dakika kumi, uwashe tena." Nilifanya. Ikaamka yenyewe, na siku yake ya kweli, bila kuniomba kitu.

Mu atelier ilishangiliwa kama bibi-arusi. Mama Divine akasema mbele ya wote, mwanamuke wa primaire ya sita ameshinda ule mwizi wa Nyamyumba. Nikasema hapana. Nikasema ni yeye amenifundisha, na hakuiba kitu, na ile ya betri nilitunga mi, sababu ya kiti. Nilisema vizuri, polepole. Mama Divine akapasuka na kicheko. "Yewe Solange! Na uso yake, muangalie uso yake!" Bakacheka wote. Nilirudilia. Bakacheka zaidi. Mwingine akaniiga vile nimesimama. Mwaka nzima nilikuwa nimebafundisha kucheka mara tu nafungua kinywa, na walikuwa banafunzi wazuri. Espérance tu hakucheka. Yeye alikuwa anaangalia kiti.

Kulikuwa fasi moja yenye nilijua batu banasikilizaka: kisha umuganda, ile kazi ya wote ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wakati mukuru wa mudugudu, kiongozi wa mutaa, anauliza kama kuna mutu iko na neno. Nilimuomba Muzee Faustin aje afanye umuganda kwetu. Sikumwambia sababu. Akasema udongo ni udongo, akaja na pawa yake, ile sepeto. Tulichimba rigole, mufereji wa maji, tangu asubui, mawe nyeusi ya volcan, na batu walikuwa banamuachia nafasi kubwa, kama mutu mwenye homa. Vile tulikaa mu majani na mukuru akauliza, nikasimama. Mbele niseme hata neno, mutu nyuma akaanza kucheka. Wakacheka wa pili, wa tatu, mukuru na yeye akafunga mudomo na daftari yake. Nikangoja. Nilikuwa na matope mpaka magoti. Nikasema mu Kinyarwanda: ule muzee hakukulaka kipande cha mutu, uongo ilikuwa yangu, na Jumatatu kiti cha machine ni cha Espérance, nimeshamupa namba zote, mi narudia kukata nyuzi. Wakaendelea kucheka, lakini kichache. Nikamuita Espérance. Akasimama, akasema namba: 826, 16, 63. Niliona Mama Divine. Alikuwa ameweka mukono ku mudomo, na mukono haukuwa wa kicheko. Aliyajua yote, nafikiri, mu ile sekunde, juu alijua vile nilikuwa napenda kile kiti. Hakuna mutu alicheka tena. Mukuru akaandika kitu mu daftari, sijui nini, kisha akauliza kama kuna neno ingine, na mutu akauliza juu ya maji ya bomba.

Batu walipotawanyika wengine walimupa Muzee Faustin mukono, si wengi. Mama Divine alisimama mbele yake, akashindwa kuanza, akamuomba pawa ili aibebe, na yeye akakataa. Mi nilikuwa nangoja Muzee aniseme, anitukane, aniambie asante, chochote. Alikuwa anatosha matope ku pawa na kijiti, polepole, kama ile pawa ilikuwa na fiche ndogo. Kisha akaangalia fasi yenye mukutano ulikuwa, majani yenye yamelala.

"Umefanya vizuri, binti," akasema. "Na wale ambao hawakuja leo, nani atawaambia?"

 Aliweka pawa ku bega, akaenda kutafuta moto ya kumurudisha Nyamyumba. Nikabaki nahesabu mu kichwa: muchonga funguo hakukuja. Mama wa avoka. Dada wa duka ya pagne. Wale wote wa salon. Barrière nzima. Muchonga funguo njo alikuwa karibu. Nikaenda kwake kumwambia, hivyo hivyo, na matope.